Hina kwenye Komeo

Tangu sheria ya nyumba kongwe ianze, kila nyumba ya mawe iliyokarabatiwa Lamu hutunza ubaridi wake yenyewe, na wakazi hutakiwa kuitii. Ya Bi Mwanaate ilimsemesha kila alfajiri kutoka ukutani, kwa upole: "Jana kuna aliyefungua dirisha la juu. Ubaridi umepotea. Si wewe."

Kama si yeye, ni nani? Humo waliishi wawili tu, yeye na Nuru, mke wa mwanawe aliyekuwa safarini. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia. Akaacha kula naye sinia moja. Kila mmoja akajifungia chumbani kwake, jiko nalo likawa haliwashwi ila kwa nadra.

Mwishowe akakanda hina, akalipaka komeo la dirisha lile. Hina haifichiki. Akimkamata, atamrudisha kwao.

Alfajiri ukuta ukasema yale yale. Bi Mwanaate akamwendea Nuru mbiombio.

"Lete mikono nione!"

Viganja havikuwa na hata doa. Wakapanda juu pamoja. Hina ilikuwa imekaukia komeoni, haijaguswa.

"Mama," Nuru akasema, "mbona mimi ukuta huniambia ni wewe?"

 Bi Mwanaate alikumbuka kwamba kabla hawajanuniana, nyumba haikupata kuwa baridi namna hii. Akamshika mkwewe mkono.

"Mmesimama karibu mno," ukuta ukasema, kwa upole ule ule. "Joto linapanda."