Mstari wa Saba

Hugues alipotema jino katikati ya sahani ya wali, siku ya kuondoa matanga ya baba yao, mama yao, Mukansanga, aliamua kwamba sasa basi. Aliyeling'oa kwa ngumi alikuwa Valens, kaka mkubwa. Dada yao Eugénie alisimama mlangoni na kisu cha jikoni, na haikujulikana alitaka kumchoma yupi kati yao.

Walichogombania ni mali ya marehemu Mzee Munyemana: nyumba ya Gihundwe, duka la Kamembe, mashamba mawili ya mpunga kule Muganza, ng'ombe na pikipiki.

Kesho yake Mukansanga alimpigia simu Emerance, binti wa kaka yake, mwalimu wa hesabu. Mwaka uliopita Emerance alikuwa amemaliza ugomvi wa maji katika ushirika wa wakulima wa mpunga kwa karatasi na kalamu tu, bila mtu kupaza sauti.

Akaja, akawaketisha wote watatu. Kila mmoja atapewa alama mia, akawaeleza. Atazigawa kwa siri juu ya vitu vilivyo kwenye orodha: anachokitaka sana anakipa nyingi, asichokijali anakinyima. Kitu kitakwenda kwa aliyekipa alama nyingi kuliko wenzake. Kisha Emerance mwenyewe atasawazisha, mpaka asiwepo wa kusema kapunjwa.

"Tunagawa nusu ya Papa tu?" Eugénie aliuliza.

"Nusu ya Papa tu. Nusu ya Maman ni ya Maman, sheria hairuhusu kuigusa."

Orodha ilikuwa na mistari sita. Kabla haijanakiliwa, Mukansanga alimvuta Emerance pembeni.

"Ongeza wa saba. Andika: kukaa na Maman."

"Apana, Tantine! Hesabu haina huruma. Batoto bakikupa zero, utaiweka wapi?"

"Andika. Niko na myaka makumi saba na mbili. Nataka nijue."

Watoto walipewa orodha Jumatano, wakae nayo nyumbani, wairudishe Jumapili baada ya ibada. Aliyeuliza juu ya mstari wa saba alikuwa Hugues peke yake.

"Atakuja na nini?"

"Na vyake vyote," alijibu Emerance.

Siku nne zile Mukansanga aliishi na mstari ule kichwani. Alikumbuka walivyorudi kutoka ukimbizini Bukavu mwaka wa tisini na sita, Hugues mgongoni, Valens na Eugénie kila mmoja ameng'ang'ania pindo la kitenge chake, na yeye akihesabu kila hatua chache: mmoja, wawili, watatu. Asubuhi alikaa mbele ya kioo na kujizoeza sura ya mtu asiyeumia. Akijitazama, aliona haitamdanganya mtu.

Jumapili Emerance alifungua bahasha mezani. Akasoma, akaguna, akasoma tena. Kwenye mstari wa saba Valens alikuwa ameweka sabini. Eugénie, sabini na tano. Hugues, tisini. Nyumba, duka, mashamba, vyote vilikuwa vimeokota makombo.

"Tantine," alisema, "bote batatu. Banakutaka weye kupita nyumba."

Mukansanga alijifunika uso kwa kitenge. Alilia, kisha akacheka, kisha akalia tena huku anacheka.

"Kumbe batoto bangu! Na mimi nilikuwa nabawazia mabaya!"

Hata Emerance alipangusa macho. Alisawazisha hesabu yake: Maman kwa Hugues, nyumba na duka kwa Valens, mashamba, ng'ombe na pikipiki kwa Eugénie. Wote wakatia saini. Hakuna aliyepaza sauti. Valens, shingo upande, alimpa mdogo wake mkono, na Eugénie akaomba wasimame wasali.

Baada ya amina Hugues alipiga magoti mbele ya mama yake na kumshika mikono yote miwili. Pengo la jino lilionekana alipotabasamu.

"Maman, tangu leo uko wangu."

"Niko wako, mwanangu."

Akatoa kwenye mfuko wa koti karatasi mbili na kalamu. "Weka saini hapa. Na hapa."

Mukansanga alivaa miwani juu ya machozi. Karatasi ya kwanza ilisema kwamba anampa Hugues nusu yake yote, ya nyumba, ya duka na ya mashamba. Ya pili ilikuwa fomu ya kuombea kitanda katika nyumba ya wazee wasio na mtu wa kuwatunza. Ilikuwa imekwisha jazwa: jina, umri, dini. Mbele ya neno "Watoto", kwa mwandiko wa Hugues, palikuwa pameandikwa: hana.