Mpenzi na Mpendwa

"Ongeza na busu," mama alimwambia fundi wa kompyuta. "Na mahaba."

Fundi akaandika. Katika duka la mama na binti yake la kuchapa na kutoa kopi, fundi alikuwa ameweka programu: kompyuta ya mama sasa ilizitawala zile nyingine, na programu yenyewe unaipangia kazi upendavyo. Mama aliipa kazi moja tu: ujumbe wowote wa binti yake wenye neno la mapenzi ufutwe kabla binti hajauona.

"Mpenzi tumeweka," fundi akasema. "Mpendwa je?"

"Weka! Hao si pacha?"

"Ila mama, kitu hiki hakina akili. Kinashika neno, hakisomi."

"Afadhali. Wenye akili ndio wanaohongwa."

Roho mbaya hakuwa nayo. Binti alikuwa ameomba nafasi ya kusomea uuguzi, na mama aliapa hakuna mwanamume atakayemkatizia njia. Jirani yake alilegeza kamba, leo anabembeleza mjukuu.

Wiki ya kwanza, alama nyekundu ikatokea kwenye kioo cha kompyuta ya mama: ujumbe wenye "mpendwa" umefutwa. Akacheka peke yake. Wiki ya pili, tena. Ya tatu, mara mbili.

"Kinang'ang'ania kama kupe, kijanaume hiki," akanong'ona.

Binti naye akazidi kukonda. Kila asubuhi, hata duka halijafagiliwa, alikuwa ameshakaa kwenye kompyuta yake. Anafungua, anatazama, anaguna, anafunga.

"Unamsubiri nani?"

"Hakuna, mama."

"Hakuna, na macho yamekutoka kama mjusi aliyebanwa na mlango?"

Binti akashika ufagio. Mama akaona bora amalize mambo. Kufuta hakutoshi, baba mtu alitaka jina la huyo kijana, na shangazi alishajifunga kibwebwe kumfuata. Akabadilisha amri: ujumbe ujao usifutwe, uletwe kwake.

Ukaja Jumatatu, duka limejaa wateja.

"Njoo hapa!" akamwita binti. "Njoo umsikie huyo bwana wako, na watu wote wamsikie!"

"Bwana gani, mama?"

Mama akavaa miwani, akakohoa, akasoma kwa sauti kubwa:

"Mpendwa Mwombaji, tumekuandikia mara nne kukupa nafasi ya kusomea uuguzi, nawe hukujibu. Nafasi hiyo tumempa mwingine."