Kicheche Asiye na Meno

Kuku alikuwa na vifaranga wengi na hofu moja tu: Kicheche, mla vifaranga. Basi akamtafuta kicheche mzee asiye na jino hata moja, wakapatana: awavamie vifaranga hao kila asubuhi, alipwe mayai viza.

Kwanza Kuku aliwanusisha vifaranga manyoya ya mzee tu. Kesho yake mzee mwenyewe akaingia kwa kishindo. Vifaranga wakalia, wakakimbia, na jioni wakashikwa na homa.

Jirani yake, Bata, akachukizwa. “Mama gani wewe, unawaliza wanao?”

“Nawachanja, jirani. Wakimjua adui akiwa hana meno, hatawakuta wajinga atakapokuja na meno.”

“Wangu nawafunika kwa mbawa zangu, yatosha.”

“Na ukienda kuogelea?”

“Siendi.”

Lakini bata ni bata. Mvua ilinyesha, bwawa likajaa, naye akaenda.

Ndipo akaja kicheche kijana, meno kama sindano. Vifaranga wa Kuku walinusa tu, wakapiga kelele na kujitoma kwenye miiba. Watoto wa Bata, wasiojua lolote, wakafuata mkumbo. Wote walipona, ila mtoto wa Bata wa mwisho aliacha manyoya ya mkia mdomoni mwa Kicheche.

Asubuhi Bata akabisha hodi, wanawe nyuma yake.

“Jirani, yule babu yuko wapi?”

“Anakunywa yai lake.”

“Mwambie afanye hima. Leo nataka wangu walie.”