Kioo Kisichong'aa

"Kahawa haikaguliwi kivulini," alisema Hyasinti, akazitoa kompyuta mpakato zote mbili juani, nje ya duka pale Mbinga mjini.

Yeye alishaipenda ile ya kioo kinachong'aa, betri imefungiwa ndani, chaji inakaa kutwa. Binti yake, bibi shamba wa kata ya Matiri, ambaye ndiye angeitumia akiwatembelea wakulima, aliitaka ile ya kioo kisichong'aa.

"Betri yake inachomoka, baba. Ikiisha chaji huko shambani, napachika nyingine."

Binti akachomeka flashi, akafungua picha ileile moja kwenye zote mbili.

Kwenye kioo kinachong'aa, Hyasinti aliona uso wake mwenyewe na mawingu.

Kwenye kile kingine aliona mlima wao, uliopigwa picha kutoka angani mwaka juzi. Mashimo ya ngoro, yanayochimbwa ili mvua isibebe udongo, yalijipanga mteremko mzima kama sega la nyuki. Miaka arobaini ameyachimba, asijue kwamba ni mazuri kiasi kile. Akavua kofia.

Kando ya shimo moja palikuwa na doa la njano, dogo kama punje ya mahindi. Kilikuwa kitenge cha marehemu mkewe, ameinama na jembe lake.

Hyasinti hakuthubutu kukigusa kioo.

"Mwanangu," alinong'ona, "hiyo betri nyingine iko wapi? Hii isije ikazimika."