Siku ya Mlango Wazi

Siku moja kila mwaka, sheria ilimtaka mwenye mnyama aache mlango wazi kutwa, asimwite wala kumtegea chakula. Mnyama mwenyewe ndiye aamue kubaki au kwenda zake.

Mwanakheri, ambaye hali nyama, samaki wala maziwa, alikaa kizingitini akisubiri. Paka wake, Karafuu, alikuwa ametoka tangu asubuhi.

"Usimlilie, mwanangu," jirani yake, Bi Rukaya, alimwambia. "Paka umemlisha dengu mwaka mzima, ulitarajia nini?"

Magharibi Karafuu akarudi. Akamweka shomoro aliyekufa miguuni pa Mwanakheri, kama mgeni aliyekuja na zawadi, kisha akaketi akimsubiri ale.

Mwanakheri akageuza uso pembeni. Hata hivyo akampapasa Karafuu kichwa.

"Bi Rukaya," akasema polepole, "hebu nifundishe kuchemsha dagaa."