Kigoda Mbele ya Zizi

Asubuhi ya tisa mfululizo, Mzee Magige alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya zizi lake, macho ameyafumba, anaita ng'ombe wasiokuwepo.

"Madoa, pita. Kipara, acha kusukuma wenzako. Pembe Moja, taratibu, lango halikimbii."

Wanawake waliokuwa wanakwenda kisimani walisimama njiani wakacheka mpaka wakashikana mabega. Erasto aliyasikia macheko hayo tangu mbali, akatamani ardhi ipasuke immeze. Yule ni baba mkwe wake. Na aliyempeleka kwenye semina iliyomtia wazimu huo ni yeye, si mwingine.

Semina ilifanyika mwezi uliopita, hapa hapa Kenyamonta. Bwana Laurian, afisa maendeleo aliyehamishiwa huku kutoka Bukoba, aliwagawia watu karatasi na kalamu za rangi. Akasema binadamu hapati asichokiona: fumba macho kila siku, kione unachokitaka kama kiko mbele yako, mpaka kije. Erasto alichora bajaji nyekundu. Mzee Magige, ambaye hakuwahi kushika kalamu, alimchora mke wa mwanawe Simon, mke ambaye bado hajaolewa. Laurian alidhani ni mti. Watu wakacheka, na mzee akacheka nao.

Wiki moja baadaye ng'ombe saba walitoweka zizini. Ndio waliokuwa mahari ya Simon, na wengi wao walikuwa wameingia hapo kwa mahari ya dada yake Rhobi, mke wa Erasto. Ndivyo mambo yanavyokwenda huku: dada akiolewa, kaka naye anapata cha kuolea. Watu walisema mwizi alikuwa na haraka, maana alimwacha ng'ombe mmoja, yule anayekamuliwa maziwa ya mtoto wa Rhobi anayelelewa hapo na bibi yake. Yowe lilipigwa, vijana wakafuata nyayo, Erasto mbele yao wote. Kwenye kijito nyayo zikapotea. Erasto alivuka peke yake, akatafuta ng'ambo, akarudi akisema hakuna kitu.

Sasa Jumamosi wazee wa upande wa binti wangekuja kutoka Morotonga kuwaona hao ng'ombe. Wasipowaona, binti anakwenda kwa mwingine, kwa kuwa walikwishasubiri mwaka mzima. Simon alikuwa haongei na mtu. Erasto naye alikuwa ameichana ile karatasi yenye bajaji, akaitia motoni.

"Shikamoo, tata," alisema, akisimama mbali na zizi kama mkwe anavyotakiwa, macho chini. Kati ya mtu na baba mkwe wake kuoneana haya ni sheria, lakini haya ya Erasto siku hizo ilikuwa imezidi kipimo.

"Marahaba."

Akamwomba aache. Akamweleza kwamba watu wanamcheka, kwamba Rhobi analia nyumbani, kwamba yeye mwenyewe chakula hakimpiti kooni. Mambo ya semina ni ya watu wa ofisini. Ng'ombe aliyeibwa hutafutwa kwa miguu, hatafutwi kwa kope. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho bila kufumbua macho.

"Kaa hapa," akasema. "Fumba na wewe. Wawili wataona zaidi kuliko mmoja."

Kukataa neno la baba mkwe ni aibu nyingine tena. Erasto alikaa chini kwenye vumbi, akafumba. Na hapo akawaona, wote saba, waziwazi kuliko alivyotaka: Madoa kafungwa kamba ya katani kwenye mti wa mgunga, Kipara mbavu zinahesabika, Pembe Moja analilia maji. Aliruka akasimama, jasho linamtoka. Wanawake walikuwa wanarudi na ndoo zao kichwani, wakamwona, wakacheka upya. Akaondoka bila kuaga. Njia nzima aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu asitake hata kivuli chake kimfuate.

Ijumaa kulipopambazuka, ng'ombe walikuwa zizini. Wamekonda, wamejaa tope mpaka magotini, lakini saba kamili, na lango limefungwa vizuri. Nani kawaleta, hakuna aliyeona. Simon alicheka na kulia kwa pamoja. Laurian alifika na pikipiki yake, akapiga picha ng'ombe, akapiga picha kigoda, akasema picha hizo atazipeleka mpaka mkoani. Kufikia mchana wanaume wanne walikuwa wamekaa mbele ya nyumba zao wamefumba macho. Mmoja wao anataka lori.

Erasto alikuja jioni na Rhobi, akasimama nyuma ya watu wote. Walimpa pole na hongera, akazipokea huku anaangalia vidole vya miguu yake. Mzee Magige alimwita pembeni, mbali na masikio ya Rhobi, na kwa mara ya kwanza tangu amwoze binti yake, akamshika mkono.

"Usimwambie yule bwana wa Bukoba, atavunjika moyo," alisema kwa sauti ya chini. "Ng'ombe mimi sikuwaona hata siku moja. Kila nilipofumba macho nilikuona wewe, mwanangu, unawarudisha."