Goti la Tobo

Siku Mzee Elirehema alipozikwa, mbwa wake Tobo aliruka ukuta kumfuata, akakatika kano ya goti. Akapasuliwa, akaamriwa kutulia wiki nane.

Kisheria, sauti ya marehemu iliyomo kwenye kisanduku cha nyumbani kinachoongea kama yeye hufutwa siku ya arobaini, ila kama kuna mgonjwa anayeihitaji. Tobo hakumsikiliza mtu mwingine. Mjane, Aikande, akimkataza kuruka, alimbwekea. Kisanduku kikisema, “Lala, mtukutu wewe,” alijibwaga kama gunia.

“Mume wangu hata kafa, bado anasikilizwa kuliko mimi,” Aikande aliwatania majirani huku akimkanda mbwa goti.

Wiki ya nane daktari wa mifugo alifika. “Mama, akitembea vizuri, leo tunaifuta sauti.”

Asubuhi hiyo Tobo alikuwa amekimbiza kuku watatu.

“Tobo,” kisanduku kikasema, “fanya kama jana.”

Tobo akakunja mguu, akachechemea hadi mlangoni. Daktari akaongeza wiki sita, za kumkagua kila Jumanne.

Jana yake Aikande alishinda sokoni; nyumbani walibaki Tobo na kisanduku.

Sasa Tobo huchechemea kila Jumanne, daktari anapokuja. Siku nyingine hukimbiza kuku.